Tangi la samaki la plaiwudi: kuliziba kwa resini na faiba lisivuje, hapa hapa Lamu

Kioo cha tangi kubwa ni ghali, na kukivusha kutoka Mokowe mpaka kisiwani ni roho mkononi, kwa hivo mtu akitaka tangi la lita mia tano hivi anaishia kufikiria plaiwudi, mbele tu ndio unaweka kioo na pande zingine zote ni mbao. Wazo ni zuri na linafanya kazi, kuna watu ng'ambo wana matangi ya plaiwudi ya maelfu ya lita na samaki wanaishi raha mustarehe. Mambo yote yako kwenye kuziba kwa resini, yani gundi ya majimaji inayopakwa ikaganda ngumu, na faiba, kitambaa cha nyuzi za kioo.

Sasa sisi huku tumekulia na vyombo, kila mtu ni fundi, na ukianza tu kupiga msumeno mzee atapita akwambie we jaza maji uyaache, mbao zitafura zijizibe zenyewe. Kwa jahazi hio ni kweli kabisa. Mbao za jahazi ni nene, katikati imepigwa pamba na mafuta kwa kalafati, chombo kikishushwa majini siku za mwanzo kinaingiza maji kisha mbao zinafura zinabanana na mambo yanakuwa sawa. Jahazi linataka maji. Plaiwudi haitaki hata tone, manake ni matabaka membamba yamegandishwa kwa gundi, na tabaka moja likinywa maji linafura, lile la jirani linavutwa, resini ya juu inabanduka, na maji yakishapata njia yanatembea ndani ya ubao kimya kimya mpaka siku unaona sakafu imelowa na hujui yametokea wapi kwa sababu yaliingilia kona hii yakatokea kona ile. Kwa hivo hapa kazi yetu ni kinyume cha jahazi: mbao isionje maji kabisa, si ndani, si nje, si kwenye tundu la skurubu.

Kitu cha pili ambacho watu wanakichanganya, faiba haizuii maji. Resini ndio inazuia maji. Faiba ni kitambaa tu, maji yanapita kama kwenye shuka, kazi yake ni kuishika resini isipasuke pale mbao inapotaka kucheza, na mbao inacheza zaidi kwenye maungio. Ukilielewa hilo utaacha ile tabia ya kulundika matabaka manne ya faiba na resini kidogo kidogo.

Plaiwudi

Nunua ya 18 mm, shiti mbili za futi nane kwa nne zinatosha tangi ntakalolieleza. Ukienda hadwea ukasema marini bodi mara nyingi utapewa ile yenye ngozi ya kahawia inayong'aa, ile ya kumwagia zege. Hio ngozi resini haiishiki, itabanduka kama gamba, kwa hivo ama utafute plaiwudi tupu iliyogandishwa kwa gundi isiyoogopa maji, ama ukikosa kabisa uikwangue hio ngozi yote kwa mashine ya msasa mpaka uone mbao, na hio ni kazi ya kukuvunja moyo. Angalia kingo za shiti kabla hujalipa. Ukiona matundu katikati ya matabaka, nafasi nafasi kama jino limeng'oka, iache. Tundu ndani ya ubao ni hewa, na hewa itakusumbua baadaye.

Ukifika nayo nyumbani usianze siku hio hio. Shiti zimevuka kwa boti, zimebebwa na punda, zimelowa umande. Zisimamishe ndani ya nyumba zenye nafasi katikati upepo upite, alafu jaribu hivi: bandika kipande cha nailoni juu ya ubao kwa selotepu pande zote, uache usiku kucha. Asubuhi ukikuta unyevu chini ya nailoni, mbao bado. Wakati mzuri wa kazi hii yote ni kaskazi, Januari na Februari, hewa ina unafuu. Masika usijisumbue.

Vipimo

Nje urefu sm 180, upana 60, kimo 60. Chini 180 kwa 60, nyuma na mbele kila moja 180 kwa 58.2 zinakaa juu ya sakafu, na pembeni mbili za 56.4 kwa 58.2 zinaingia katikati. Ukipanga vizuri shiti ya kwanza inakupa sakafu, nyuma na pembeni zote mbili, kisha ya pili unakata mbele na vipande vya kukaza juu. Ukijaza maji mpaka kimo cha sm 52 unapata kama lita 517, yani zaidi ya nusu tani ya maji peke yake.

Sasa ukuta wa mbele unasukumwa na nguvu gani? Kama kilo 240, na nyingi iko chini. Ndio maana juu lazima uweke mkanda wa plaiwudi wa sm 10 kuzunguka pande zote kwa ndani na kipande kimoja kikatize katikati kutoka mbele hadi nyuma (hicho cha katikati ukifunge kioo kikishaingia, ama kioo hakitapita), la sivyo ukuta mrefu utatoka kitambi na kitambi ndio kinapasua resini.

Na kabla hujafika mbali fikiria litakaa wapi. Nyumba zetu za zamani za mji ghorofa limebebwa na boriti za mikoko na mawe ya matumbawe na chokaa, zimesimama miaka na miaka lakini hazikujengwa kubeba tangi la kilo mia sita kwenye kona moja. Weka chini. Tena chini ndio pazuri hata kwa samaki, kuta nene, joto halipandi na kushuka sana.

Dirisha la mbele kata kwa jigso, 156 kwa 42, liache fremu ya sm 8 chini na kama hio juu. Kona za dirisha usizikate mraba kali, zungusha kidogo, manake kona kali ndio ufa unapoanzia. Kipande ulichokitoa usitupe, kinatoa vipande vya kukaza juu.

Resini gani

Hapa ndio maswali mengi. Mafundi wa boti za faiba huku wamezoea poliesta, ile yenye harufu kali na katalisti (dawa ya kuigandisha) ya matone, kwa sababu ni rahisi na boti nzima ni faiba. Juu ya mbao mambo ni tofauti. Poliesta ikikauka inajikunja, na mbao haiishiki kwa nguvu kama epoksi inavyoishika, miaka ikipita inaweza kubanduka. Kwa tangi la mbao mimi nasema epoksi, ile ya sehemu mbili isiyo na thina ndani, na nasema hivo nikijua bei yake inauma. Utahitaji kama kilo tano, nunua sita.

Hesabu yake ni hii: ndani ya tangi ni kama mita tatu za mraba, mkono wa kwanza, yani kupaka mara ya kwanza, mbao inakunywa kama gramu 200 kwa mita ya mraba, kitambaa nacho kinakunywa kama 250, mikono mitatu ya juu karibu kilo moja na nusu, kona zote jumla ni mita saba zinameza kama theluthi ya lita, nje mikono miwili kilo moja, na kuna ya kuganda mkebeni, hio haikosi.

Kama mfuko umekataa ni lazima poliesta, basi mbao iwe kavu hasa, tumia mati ya gramu 450 matabaka mawili, katalisti asilimia moja kwa joto letu, yani mililita 10 kwa kilo, usizidi mbili kabisa, na mkono wa mwisho uwe wenye nta manake bila nta juu inabaki inanata. Kisha uliache tangi wiki kadhaa mpaka ile harufu iishe kabisa kabisa, ukiinusa bado usitie samaki. Na hio katalisti ivaliwe miwani, tone moja jichoni ni upofu, sitanii.

Usichanganye mitindo. Mati ile ya nyuzi zilizokatwa ovyo imeshikishwa kwa gundi ambayo poliesta inaiyeyusha, epoksi haiiyeyushi, kwa hivo ukiipaka epoksi inabaki ngumu, nyeupe, haikai kwenye kona. Kwa epoksi tafuta kitambaa cha kufumwa cha gramu 200 kwa mita, mita tano za mraba zinatosha na mabaki ya kona. Na poliesta juu ya epoksi haishiki vizuri, epoksi juu ya poliesta ni sawa.

Uwiano wa epoksi ni ule ulioandikwa kwenye mkebe, mbili kwa moja au tatu kwa moja au vyovyote, na angalia kama ni kwa kipimo au kwa uzito, manake hazilingani. Hapa hakuna cha kuzidisha hadna, ile sehemu ya pili inayogandisha, ili ikauke haraka. Hio ni ya poliesta. Epoksi ukizidisha hadna, ile ya ziada haina mwenzake wa kushikana naye, itabaki laini milele na itabidi uikwangue yote. Nunua mizani ya jikoni ya dijitali, ni hela kidogo, uache kukisia.

Joto letu

Maelekezo kwenye mikebe mengi yameandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Kikiandikwa una dakika arobaini, hio ni kwa nyuzi kama 20 au 25, na kila joto likipanda nyuzi kumi muda wako unapungua karibu nusu. Kwa hivo ukiweza kuchagua chukua hadna ya polepole. Changanya kidogo kidogo, gramu 200 au 300, dakika tatu nzima huku unakwangua pembeni na chini ya kikombe, kisha mimina kwenye kikombe kingine ukoroge tena, na mara moja imwage kwenye sinia pana. Resini ikikaa imejaa kikombeni inajipasha moto yenyewe, inaweza kutoa moshi na kuyeyusha kikombe mkononi.

Alafu kuna siri ya saa. Mbao ina hewa ndani. Asubuhi ukipaka, jua linapanda, mbao inapata joto, hewa inatanuka inasukuma nje, na resini yako inajaa vipovu na vitundu kama sindano, na kila kitundu ni mlango wa maji. Jioni ni kinyume, mbao inapoa, hewa inajikunja, resini inavutwa ndani. Kwa hivo mkono wa kwanza upake baada ya alasiri, saa kumi hivi joto likishaanza kushuka, na ufanyie kwenye chumba au kwenye kiwanda penye paa, si nje wazi, manake umande wa usiku ukiiangukia epoksi mbichi inaota ukungu mweupe wa mafuta juu.

Huo ukungu hata ndani ya nyumba unaweza kuja kwa unyevu wetu huu. Si mwisho wa dunia, lakini lazima uoshwe kwa maji safi na dodoki gumu, ukaushe, ndio upige msasa. Watu wanapiga msasa moja kwa moja, wanaueneza tu kama mafuta kwenye sufuria, mkono unaofuata haushiki. Thina nayo haiuondoi, ni maji.

Kuunganisha

Skurubu ziwe za stenlesi au shaba, huku chumvi ya hewa inakula hizi za kawaida kabla hujamaliza kazi. Kila sm 15, tundu litobolewe kwanza, kichwa kizame milimita mbili tatu, kisha kizibwe. Maungio yote yapakwe kwanza resini nyembamba, iachwe dakika chache inywe, alafu resini ileile uikoroge na poda ya silika mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, ndio gundi yako. Huna poda ya silika, unga laini wa msasa wa mbao unafaa, utatoa rangi ya kahawia tu. Kaza skurubu mpaka gundi ichomoze kidogo, isitoke yote. Pima mraba kwa kamba kutoka kona hadi kona, mshazari zote mbili ziwe sawa, na sakafu uitie pima maji.

Tundu za mabomba, kama unataka bomba la kutolea maji pembeni, zifanye sasa. Bomba likihitaji tundu la sm 4 we toboa la 6, uzibe lote kwa resini nzito, ikauke, kisha utoboe la 4 katikati. Sasa pembeni mwa bomba ni resini tupu, mbao iko mbali. Hio ni njia ya mafundi wa boti kwa kila bolti inayopita kwenye mbao, na sijui kwa nini watu wa matangi hawaifuati.

Kona, hapa taratibu

Fundi wa boti akija kukusaidia mwambie hili mapema. Yeye faiba anailaza nje ya chombo, kona zimetokeza, kitambaa kinajilaza chenyewe. Tangi kona zimeingia ndani. Kitambaa cha faiba hakipindi kona kali, kinakatiza kama daraja, nyuma yake kunabaki mfereji wa hewa, na shinikizo la maji linakisukuma hicho kitambaa kwenye huo uwazi mpaka kinavunjika. Matangi ya plaiwudi yanayovuja mara nyingi yanavujia kwenye kona, si katikati ya ukuta.

Dawa ni kuijaza kona iwe mviringo kabla ya kitambaa. Koroga resini na silika mpaka ichotwe kwa kijiko bila kumwagika, itie kwenye mfuko wa nailoni ukate ncha kama wanavyopamba keki, uimwage kwenye kona zote, za chini na za kusimama, kisha upitishe kitu cha mviringo, chupa ndogo au kipande cha mti kilichokatwa duara, nusu kipenyo chake kama sm 1.5. Ya ziada inayobaki pembeni ikwangue ikiwa bado laini, ikishakauka ni jiwe. Pembe tatu pale chini zinapokutana kuta mbili na sakafu, hapo tumia kidole ndani ya glavu, uzizungushe kama ndani ya bakuli.

Bora zaidi, usingoje mviringo ukauke kabisa. Ukishakuwa mgumu kidogo lakini kucha bado inaacha alama, paka mbao yote mkono wa kwanza wa resini tupu, na ulaze vipande vya kitambaa vya sm 10 juu ya kona. Vyote vinashikana kama kitu kimoja na umejiokolea msasa.

Mkono huo wa kwanza usikae nao mbali na kingo za plaiwudi. Kingo zinakunywa kuliko uso mara kadhaa, kingo za dirisha hasa. Paka, subiri robo saa, utaona pamekauka pamefifia, paka tena, na tena, mpaka pabaki panang'aa.

Kulaza faiba

Kata vitambaa vyote vikiwa vikavu kabla hujachanganya hata gramu moja, vipange, viandike. Sakafu na kila ukuta kipande chake, kila kimoja kilalie jirani yake kwa sm 5 mpaka 7. Vaa shati la mikono mirefu, glavu za nitraili, na ujiandae kuwashwa tu, unga wa faiba ukiingia shingoni usioge maji ya moto, baridi kwanza.

Anza na kuta, sakafu mwisho, manake utakuwa unaingiza kichwa na mikono ndani na resini inadondoka. Kama tangi linageuzika, ligeuze ukuta unaoupaka uwe chini, resini haitateremka na unaona vizuri. Paka resini ukutani, laza kitambaa kikavu, lainisha kwa mkono kutoka katikati kwenda nje, kisha mimina resini juu na uisambaze kwa kibao cha plastiki. Kitambaa kikishiba kinapotea, kinakuwa kama kioo unaona mbao chini yake. Peupe ni pakavu au pana hewa. Pakiwa panang'aa kama dimbwi resini imezidi, kitambaa kinaelea, ikwangue uisogeze kwingine. Unataka uone mfumo wa nyuzi juu kidogo, kama kitambaa kilicholowa na kukamuliwa.

Kwenye dirisha kitambaa kipite juu ya ukingo kiingie mpaka nje, ukingo uzungukwe wote. Hapo usiwe na haraka, ukikigeuza kinarudi, kishike kwa nailoni na selotepu mpaka kigande.

Kipovu ulichokiona kesho yake kimeshakauka usikifunike ukijidanganya. Kikate kwa kisu, piga msasa, ziba kwa resini nzito, weka kiraka.

Mikono ya juu

Kitambaa kikishaganda lakini bado kinanata ukikigusa, pitisha mkono mwingine siku hio hio, unashika wenyewe. Ukichelewa mpaka kesho, osha kwa maji, msasa namba 120 mpaka kila mahali pafifie, futa vumbi, ndio upake. Mikono mitatu kwa ndani, na ntakupa ujanja mzuri: tia rangi ya epoksi kwenye mkono mmoja, mwingine uache au tia rangi tofauti. Ya kwanza kijivu, ya pili nyeusi, ya tatu bluu kama unapenda samaki waonekane. Pale ulipopasahau rangi ya chini inakuonyesha bila kubishana. Kisha usiku zima taa, ingiza tochi ndani uilaze ubavuni kwa ukuta, vitundu vya sindano vinatoa kivuli, kila kimoja weka alama kwa chokaa na ukizibe kwa ncha ya kijiti.

Nje nako mikono miwili, chini ya tangi usipasahau kwa sababu hapaonekani. Jua likifika tangi lako basi juu ya epoksi ya nje upake rangi ya kawaida, epoksi inaharibika kwa jua, inageuka manjano kisha unga.

Brashi na vibao ukitaka kuviokoa viloweke kwenye siki kabla resini haijaganda, inaitoa vizuri. Ngozi oshea sabuni, usitumie asetoni, inaipitisha resini ndani ya ngozi na mzio wa epoksi ukikushika haukuachi tena.

Kioo

Kioo cha 12 mm, 164 kwa 50, kinakaa kwa ndani kikiegemea fremu sm 4 kila upande. Kinaegemea ndani, nasema tena, maji yakisukuma yanakibana kwenye fremu, si yanakitoa. Uzito kama kilo 25, muwe wawili. Kingo zipigwe msasa usije ukajikata.

Subiri epoksi siku saba tangu mkono wa mwisho. Fremu pale kioo kitakapokaa piga msasa pawe na mikwaruzo, silikoni inaishika epoksi iliyokwaruzwa kuliko inayong'aa, futa kwa spiriti. Silikoni iwe asilimia mia na isiwe ile ya bafuni ya kuzuia ukungu, ina dawa inayoua samaki. Laza tangi kifudifudi fremu iwe chini, weka vipande vidogo vya mpira au plastiki vya milimita 3 kwenye kona ili silikoni isikamuliwe yote, mimina mkanda mnene usiokatika hata mahali pamoja, shusha kioo taratibu kutoka upande mmoja, bonyeza mpaka uone silikoni imejaa bila mapovu.  Mkanda wa pili uzunguke ukingo wa kioo kwa ndani, siku hio hio, manake silikoni mbichi haishiki silikoni iliyokauka. Wiki nzima uache.

Kujaribu

Lijaze nje ya nyumba au kwenye kiwanda, likiwa juu ya meza yake halisi. Theluthi kwanza, acha usiku kucha, theluthi ya pili, usiku tena, kisha lote. Weka alama ya selotepu kwenye maji, na pembeni weka ndoo ya maji nayo yenye alama. Upepo wetu unakausha maji kila siku na watu wanaona yamepungua wanaanza kulia, kumbe hata ndoo imepungua vilevile. Tangi likipungua zaidi ya ndoo ndio linavuja. Weka magazeti makavu chini ya kila ungio, na pima kitambi cha ukuta wa mbele kwa rula ndefu kabla na baada ya kujaza, milimita moja mbili si neno, ikifika tano sita toa maji ukaongeze kukaza juu.

Likivuja mahali, usipake kitu kwa nje. Toa maji, kausha ndani kwa feni siku kadhaa, tafuta kwenye kona iliyo karibu na kisha ile ya mbali, fungua kwa msasa mpaka mbao, iache mbao ikauke kabisa, ndio uanze tena na resini tupu, resini nzito, kitambaa.

Likiwa zima, limwage, lisuuze, lijaze tena uache siku mbili tatu na ulimwage tena. Maji ya visima vyetu yana chokaa nyingi, tilapia na gapi hawana shida nayo. Kichujio kizunguke wiki nne mpaka sita kwanza na chakula kidogo kikiozea ndani ili vijidudu vya kula amonia (sumu ya uchafu wa samaki) viote, pima amonia na naitraiti zifike sifuri, ndio uanze na samaki wachache. Wanaotaka wa baharini, nunueni kwa mwenye kibali. Malindi na Watamu hifadhi za bahari zipo tangu 1968 na humo hata jiwe la matumbawe halitolewi, na huku kwetu Kiunga nako kuna hifadhi tangu 1979, kwa hivo uliza kwanza kabla hujashuka na wavu.